Foleni ya Kumuaga Msumari

…na huyo aliyeko huko ndani anaandika nini jamani, rambirambi au wosia, maana tangu wafike hapa mbele ya duka la magodoro foleni haijasogea hata hatua moja, saa ya ukutani dukani, anaiona kupitia kioo, inasema saa nne na dakika kumi, alipoitazama mara ya mwisho ilikuwa saa nne na dakika saba, tuseme mtu mmoja dakika tatu, na mbele yao wako watu kama sitini, kichwa chake kimezoea hesabu za namna hii, kazini akitupa jicho kwenye benchi la wagonjwa anajua papo hapo atakula saa ngapi, sitini mara tatu, saa tatu nzima, saa saba mchana iwakute bado wamesimama juani kwa ajili ya mtu ambaye yeye, Mungu amlaze pema, hakuwahi kumpenda… mumewe amesimama hatua moja mbele yake, kisogo kinang'aa jasho, amevaa lile jaketi la ngozi alilolinunua kabla hawajaoana, zipu yake haivuki tena kitovu, asubuhi alimwambia, "Fundi, utaiva humo," naye akajibu, "Acha niive," basi, yakaishia hapo, Fundi ndilo jina lake la nyumbani kwa kuwa ni fundi wa lifti, na yeye mke huitwa Dokta, utani wa zamani, kwa sababu huvaa koti jeupe ingawa kazi yake ni kupiga eksirei tu, vuta pumzi, usipumue, haya pumua, siku nzima, miaka kumi na tisa, na watu humuuliza kwa yale macho ya kuomba, nimevunjika, Dokta? naye huwaambia majibu atayatoa daktari, hata kama ufa ameuona waziwazi, umepita kwenye mfupa kama njia ya mchwa ukutani… Fundi analia. Halii kwa sauti, ila mabega yanapanda na kushuka chini ya ile ngozi ngumu, na jaketi linalia naye, kwii, kwii, kama mlango usiotiwa mafuta, na Dokta analitazama bega la mumewe kama anavyolitazama bega la mtu yeyote, mtulinga huu hapa, mfupa wa mkono umekaa mahali pake, hakuna kilichoteguka, mpeleke nyumbani.

Tangu Jumanne analia. Habari ilitoka redioni wakati wa chai, mtangazaji akasema Msumari amefariki, moyo umesimama akiwa usingizini, Msumari mwimbaji wa roki, walimpa jina hilo kwa ajili ya sauti yake, nyembamba, kavu, ikianza kuingia haisimami mpaka ifike upande wa pili, na mashabiki wake wakajiita Mbao, sisi ni mbao, alitupigilia, ndivyo wanavyosema, watu wazima wenye vitambi na miwani ya kusomea, na Fundi alikiweka kikombe mezani polepole, akakikosa kisahani, akasema "Aa-aa," mara moja tu, kama mtu anayekataa kuongezewa sukari, halafu machozi yakamtoka, palepale mezani, mbele yake, na yeye Dokta akabaki ameshika kisu chenye siagi, anatazama, kwa sababu machozi ya Fundi hakuwahi kuyaona, miaka kumi na minane ya ndoa, hata siku ile ambayo… atazame kitu kingine. Atazame watu. Mbele ya Fundi yuko mzee mmoja, ameshajitambulisha kwa foleni nzima kuwa ni mwalimu mstaafu wa hesabu, fulana yake imefuliwa mpaka uso wa Msumari uliochapwa kifuani umebaki jicho moja na nusu ya mdomo, na nyuma yao yuko dada mwenye helmeti kwapani, husambaza vifurushi kwa pikipiki, amemuomba bosi wake ruhusa ya saa moja na anasema hiyo saa moja ikiisha anazima simu, litakalokuwa na liwe, na hawa wawili wanabishana juu ya kichwa cha Dokta kana kwamba yeye ni meza iliyowekwa katikati yao. "Albamu ya pili ndiyo Msumari mwenyewe," anasema mwalimu, "hizo nyingine biashara." "Mwalimu, kwa heshima zote, ile ya pili mpiga gitaa anapiga kama anafukuza kuku shambani." "Binti, hao kuku wenyewe walikuwa hawajazaliwa, wewe je?" Na watu wanacheka, macho mekundu lakini wanacheka, na Fundi naye anacheka huku anajipangusa pua kwa mkono wa jaketi, ngozi hainyonyi, kamasi limebaki pale linang'aa, Dokta anatoa kitambaa kwenye mkoba, anakirudisha. Kwa nini amekirudisha? Kwake albamu zote ni moja. Mabati yanaburutwa barabarani na katikati ya mabati kuna mtu amebanwa mguu.

Ilikuwa amwambie siku ileile ya Jumanne. Jumatatu alitia saini karatasi za uhamisho, hospitali moja ya mbali, safari ya siku nzima, wana mashine mpya na hawana mtu wa kuiendesha, na maneno alikuwa ameyapanga wakati anaosha vyombo, sahani moja sentensi moja, Fundi, nimepata uhamisho, nitakwenda peke yangu, tusidanganyane kwamba ni kwa muda, hatugombani, ndiyo maana naweza kwenda, nyumba yetu haina ugomvi wala kitu kingine, na alikuwa amepanga iwe baada ya chai, mezani, Fundi akiwa ameshiba, na mtangazaji akamtangulia kwa dakika mbili, mtu amejifia zake huko, hata humjui, anakukatiza maneno nyumbani kwako… na angefanyaje, ungemwambiaje mtu wa namna ile, siku tatu Fundi hakula vizuri, alikwenda kazini, akarudi, mwenzake akapiga simu kusema shemeji, leo Fundi kawakuta watu wamekwama kwenye lifti ghorofa ya sita, amewatoa salama lakini yeye ndiye aliyebaki amekaa kwenye ngazi dakika ishirini, na jana jioni akasimama mlangoni jikoni akasema, "Wamefungua kitabu cha maombolezo pale ukumbini. Nisindikize." Nisindikize. Mtu ambaye hata kwa daktari wa meno huenda kimya kimya na kurudi na shavu limevimba akisema nilipitia mahali. Basi amemsindikiza. Atamwambia kesho. Au leo wakirudi, akishavua hilo jaketi.

Jua limeinama upande wao. Dada wa helmeti anamuuliza, "Mama, na wewe ni mbao?" naye anajibu, "Mimi nimesindikiza tu," na dada anasema, "Hata kusindikiza si haba," kwa huruma, kana kwamba yeye Dokta ndiye mfiwa, na neno hilo linamwingia mahali… siku ile Fundi hakulia. Haya, basi, alifikirie, limalize. Siku ile. Mtoto alikuwa wa kike, aliishi siku tisa, miaka kumi na sita iliyopita, na walikuwa wamempa jina na tangu wakati ule hakuna aliyelitamka nyumbani mwao, jina lipo, limekaa, kama chumba ambacho watu hupita mlangoni pake wakienda bafuni. Mapafu. Picha alipiga mwenzake wa zamu, na yeye mwenyewe, mzazi, ana kanga moja na ndala za hospitali, aliingia kwenye chumba cha picha kwa sababu ni kazini kwake na hakuna aliyemzuia, akaiona filamu juu ya taa kabla daktari hajaiona, kifua kidogo kama kiganja, mbavu nyembamba kama meno ya kitana, na pale panapotakiwa kuwa peusi, penye hewa, palikuwa peupe. Peupe pote. Akatoka. Fundi alikuwa kwenye korido, akasimama, akamuuliza, "Umeonaje?" na yeye akajibu, "Tumsubiri daktari." Alimjibu kama anavyomjibu kila mtu. Hilo hajamwambia mtu, si dada yake, si mama yake alipokuwa hai. Kwa muda wa saa tano alijua peke yake. Halafu maziko, na Fundi alibeba, Fundi alishika mikono ya watu mmoja mmoja, asante kwa kuja, asante, akakagua viti vya kuazima kama vimetimia, akapanga wa kumrudisha shangazi nyumbani, macho makavu kama ya karani, na ndugu zake Dokta wakanong'ona, mumeo amekaza, ana moyo huyo, wakisema kama sifa, na yeye akajiambia hana moyo, mtu mwenye moyo unauona.

Na bado hayo angeyasamehe. Lakini wiki ile, wiki ya baada ya maziko, Fundi alipewa likizo, na kila siku baada ya chakula cha mchana aliingia jikoni, akafunga mlango kwa komeo, akaweka kanda kwenye ile redio ya spika mbili, wimbo mmoja, uleule, akafungua sauti mpaka vikombe vikacheza kwenye kabati, na ukuta mmoja tu kati ya jikoni na kitanda alicholalia Dokta, na maziwa. Hilo nalo halisemeki kwa mtu. Maziwa yalikuwa bado yanakuja, mwili haujaambiwa, mwili hausomi picha, na kwenye wimbo ule kuna mahali Msumari anapandisha sauti, anaipandisha, anaivuta, anaachia ukelele mmoja mrefu, na kila alipoupiga maziwa yalitoka. Yalishuka yenyewe, yakalowesha kanga, yakalowesha shuka, kwa sababu titi halijui roki, titi lilisikia mtoto analia, na alikuwa amelala pale anavuja huku ukuta unatetemeka, wimbo unaisha, kimya, kwenye kile kimya mashine inazomea, ssss, kanda inarudi nyuma, unajiambia sasa amechoka, sasa ataacha, tak, unaanza tena. Siku ya sita alijaza begi akaenda kwa dada yake. Alikaa miezi miwili. Aliporudi Fundi alikuwa amepaka rangi jikoni, akasema, "Karibu," akambebea begi, na hakuna aliyesema lolote, na ukweli ni kwamba nyumba yao ilianza kufa pale, kistaarabu, bila hata sahani kuvunjika.

"Na wewe fundi," ni mwalimu huyo, ameishiwa na wa kubishana naye, "wako wewe ni upi? Kila mbao ina wimbo wake." Fundi anajikohoza. "Wangu… ni ule wa pili, upande wa pili, ile kanda ya tatu." "Ule?" mwalimu anashangaa, "ule mbona hata redioni hawaupigi! Ule si wimbo, ule ni vita." "Ndio huo." "Kwa nini sasa huo, jamani, na vizuri vyote alivyotuachia?" na gari la takataka linapita, linasimama, linapiga honi, na Dokta anajua ni huo, hakuna aliyemwambia namba lakini anajua, na anajiambia sasa atasema upuuzi gani kuhusu ngoma na gitaa, atasema umepigwa kiustadi… "Ulikuwa na kelele kuliko zote," anasema Fundi, na gari linaondoka, na sauti yake inabaki peke yake barabarani, ni kubwa kidogo kuliko inavyohitajika kwa mtu aliye pua na mdomo na mwenzake. "Tulifiwa na mtoto. Kaka yangu mkubwa akanivuta pembeni, akaniambia, wewe ole wako ulie mbele ya mkeo, ukilia wewe, yule anakufa, unamwona alivyo? Kaza. Nikakaza." "Ndivyo walivyokuwa wakituambia," anasema mwalimu. "Sasa nyumba yenyewe vyumba viwili, mwalimu, mtu akimeza mate jikoni, kitandani anasikika. Utalilia wapi? Kazini niko likizo. Nikauweka ule wimbo, nikafungua sauti mpaka mwisho, ndipo nikalia. Dakika nne na nusu. Ukiisha nanyamaza, narudisha kanda, nakaa namna hii," na anauziba mdomo kwa kiganja, kile kiganja chenye grisi isiyotoka kwenye mistari, "nasubiri kanda ifike mwanzo. Halafu naendelea." Dada wa helmeti nyuma anasema polepole, "Loo."

Kuna kosa moja la wanafunzi, kila mwaka lazima mmoja alifanye, anachukua filamu ya kifua anaibandika kwenye taa kinyumenyume, kisha anakuja anatweta, njoo uone, mgonjwa ana moyo upande wa kulia, maajabu, na unamwendea bila haraka, unaitoa filamu, unaigeuza, unaibandika tena, na moyo unarudi kushoto, haukuwahi kuondoka, na mwanafunzi anatazama ardhini. Miaka kumi na sita. Ssss. Kile kimya ndicho kilichokuwa kilio chenyewe, mtu amejiziba mdomo kwa kiganja upande wa pili wa tofali, na yeye upande huu amejibana kanga kifuani, wote wawili wanasubiri kanda ifike mwanzo… na hasikii uchungu, ajabu, anasubiri uchungu uje na hauji, anasikia tu kama mtu aliyeshushiwa kitu kichwani na shingo bado haijaamini, na anajiuliza je, Fundi amesahau kwamba yeye yuko hapa nyuma? Au amesema kwa sababu yuko? Sauti ilikuwa kubwa kidogo. Ilikuwa kubwa kwa kiasi cha mtu mmoja zaidi. Na zile karatasi, na zile sentensi za kwenye sahani, nyumba haina ugomvi wala kitu kingine, hapana, hiyo haisemeki tena namna ile, huenda kusafiri atasafiri, huenda hatasafiri, lakini hiyo sentensi ameshaivunja, itabidi wakae waongee kama watu wasiojuana. "Fundi," anasema. Hageuki mara moja. Anageuka. Uso wake umevimba, macho ni mistari miwili. "Ile picha ya kifua," anasema Dokta, na sauti yake ni ileile ya kazini, hana nyingine, "niliiona. Kabla ya daktari. Uliponiuliza pale koridoni nilikuwa nimeshaiona." "Najua," anasema Fundi. "Ulijuaje?" "Ulisema tumsubiri daktari, halafu ukaniita kwa jina langu. Siku zote Fundi, Fundi. Siku ile ukaniita kwa jina." Hakumbuki. Anatafuta, korido ipo, ndala zipo, mdomo wake mwenyewe haupo. "Nikajua basi imekwisha," anasema Fundi, "nikakaa saa tano najua. Sikutaka ujue kama najua."

Mtu anawapita na boksi la chupa za maji, maji, maji baridi, hakuna anayenunua. Dokta anatoa kile kitambaa kwenye mkoba, anaupangusa mkono wa jaketi pale palipong'aa, kwa bidii, kama anapangusa meza, na bila kuinua macho anauliza, kwa sababu ghafla anataka kujua, kwa sababu katika kelele zile zote hakuwahi kushika hata neno moja, "Hivi ule wimbo unasemaje? Maneno yake." Fundi anautazama mkono wa jaketi. "Sijui." "Hujui? Wewe, unayezijua mpaka zile alizoziimba akiwa na mafua?" "Huo siujui. Nilikuwa nalia, ningesikia saa ngapi? Na baadaye kila kanda ikifika hapo naruka." Wanatazamana. Na mwalimu, mwalimu hawezi kuona swali limekaa hewani bila jibu, kazi ya miaka thelathini na tano haimwachi, anageuka na lile jicho moja la kwenye fulana, anasema, "Mimi nayajua." Anawasogelea. "Ni wimbo wa ngazi." "Wa nini?" "Ngazi. Ya kupandia. Jirani kaja kuazima ngazi, aezue bati lililooza, kaichukua, harudishi. Ubeti wa kwanza anaombwa kwa adabu, ubeti wa pili anaulizwa mbele za watu, halafu pale katikati, pale anapopiga ule ukelele, anasema…" mwalimu anatazama kulia na kushoto, anashusha sauti kwa heshima ya msiba, "anasema, ngaaazi yanguuu."

Ngazi. Kicheko kinaanzia mbali, chini kabisa, Dokta anakisikia kinavyopanda na anakizuia kwa kitambaa, kinapita pembeni ya kitambaa, ngazi, siku sita, shuka zote, ngazi, na watu wa mbele wanageuka, na dada wa helmeti anasema, "Jamani, msibani hapa," lakini naye midomo inamcheza, na Fundi ameinama ameshika magoti, jaketi linapiga kelele mgongoni, anacheka au analia, hapana wa kusema kipi ni kipi, ananyanyua kichwa, anauliza kwa shida, "Na akarudishiwa?" "Nani?" "Mwenye ngazi." "Aaa, hakurudishiwa," anasema mwalimu, "mpaka wimbo unakwisha hakurudishiwa," na Dokta anasema, "Maskini," anasema kwa moyo wote, na anagundua kwamba anamlilia, yule mwanamume mwembamba wa kwenye redio, ameimba miaka yote ile na sasa amelala mahali na sauti yake imekatika, maskini, maskini, na huko mbele mlango wa ukumbi bado umefungwa, hakuna aliyetoka, hakuna aliyeingia, foleni haijasogea, na isisogee tu kwanza.